Gitaa Halikuwa na Kosa

Katika miaka thelathini na mitano niliyofundisha, kumi na miwili kati yake nikiwa mwalimu mkuu, nilijiwekea sharti moja: mtoto hafukuzwi shule kabla hajasikilizwa. Hata yule aliyekutwa na embe la jirani mkononi nilimwita ofisini, nikamkalisha, nikamwambia, "Haya, sema." Si mara moja wala mbili ilidhihirika kuwa mwizi alikuwa mwingine. Sasa nimestaafu, nimeuvuka mwaka wa sabini, na katika uzee huu nimekuja kumfukuza asiye na kosa bila kumpa nafasi ya kusema neno. Aliyefukuzwa si mtoto. Ni pikapu mbili za gitaa.

Msomaji asiyepiga muziki asishangae. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku pikapu ni gari la kubebea ndizi na wasafiri wenye haraka. Wapigaji gitaa nao wana pikapu yao: ni kile kisanduku bapa, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika ule waya. Kanuni yenyewe aliigundua Michael Faraday mwaka 1831, nami niliifundisha kwa sumaku ya spika mbovu na waya wa kuokota. Umeme huo mdogo hupelekwa kwenye amplifaya, na ukumbi mzima ukasikia.

Ninachotaka kusema katika kurasa hizi ni hiki. Mtindo wa kung'oa pikapu za gitaa na kuweka nyingine zenye nguvu zaidi umegeuka kuwa ugonjwa, na wanaoumia zaidi ni wenye magitaa ya tumbo nusu, yaani yale yenye uwazi ubavuni na gogo la mti katikati. Gitaa la namna hiyo halihitaji pikapu kali. Aghalabu halihitaji hata pikapu mpya. Na anayehitaji kweli, aanze na bisibisi, mita na masikio yake. Mfuko uje mwisho. Najua vijana watanicheka. Na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana kosa ninalolisema nimelifanya mwenyewe na nimelilipia.

Gitaa ninalolizungumzia lilikuwa la swahiba wangu. Tulikutana chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tukiwa vijana wembamba wenye suruali pana. Chuo kilikuwa na bendi, na yeye alishika solo. Mimi nilishika ridhimu kwa sababu hapakuwa na mwingine. Baadaye, tulipokuwa walimu katika wilaya moja, alilinunua gitaa lake mwenyewe kutoka kwa bendi ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiuza vyombo vyake chakavu. Lilikuwa la Kijapani, lililoiga umbo la gitaa mashuhuri la Kimarekani liitwalo ES-335: lina mabega mawili ya mviringo na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Tulilipiga kwenye mahafali ya darasa la saba, kwenye arusi za walimu, na katika mikesha ya sikukuu. Ninayo hadi leo kanda moja ya kaseti ya mwaka 1984 ambamo swahiba wangu anapiga, watoto wanapiga kelele, na jogoo wa mtu anawika katikati ya wimbo.

Alipofariki, mkewe aliniita nyumbani. Lile gitaa lilikuwa limelazwa kitandani, limefunikwa khanga. "Shemeji," akaniambia, "hili likae kwako. Hapa watoto watalifanya ngazi."

Nikalipokea. Nilipolichomeka kwenye amplifaya likakwaruza. Sauti ilikuja na kupotea, na upande wa daraja ulikuwa umefifia. Mjukuu wangu, kijana mwema anayejua kila kitu kilichomo katika simu yake, alisikiliza sekunde kumi tu, kisha akatoa hukumu: "Babu, hizi pikapu zimekufa. Za zamani hizi. Weka mpya zenye nguvu." Tukaenda mjini kwa fundi. Fundi naye hakulisikiliza hata sekunde hizo kumi. Alitoa kisanduku cha pikapu mbili zenye sumaku za kauri, akachomeka mita, akanionyesha namba kwa fahari: "Mzee, ona. Kilo-omu kumi na sita. Zako hazifiki hata nusu." Nikavutiwa na namba, mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote! Nikalipa shilingi laki nne na nusu za kiinua mgongo changu, nikaliacha gitaa, nikarudi nyumbani.

Nilipolifuata siku ya tatu mdomo wa tundu moja la f ulikuwa umebanduka rangi. Kwenye gitaa la tumbo nusu hakuna mlango wa nyuma kama ule wa gitaa la mbao tupu. Nyaya zote na potensiometa za sauti hutolewa na kurudishwa kupitia tundu la f. Fundi mwenye subira hufunga uzi kwenye kila kipande kabla hajakivuta, ili uzi huo huo umrudishie kipande mahali pake. Huyu alivuta kwa koleo. Nikauliza, "Na zile pikapu za zamani?" Akajibu bila kunitazama, "Zile? Tulishatupa, Mzee."

Nyumbani nikalichomeka. Bado lilikwaruza.

Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo, maana kesi yangu nzima imo humo. Pikapu mpya, laki nne na nusu, na gitaa bado linakwaruza vilevile. Sauti inakuja na kupotea vilevile. Kwa hasira nikachukua bisibisi, nikalegeza kile kibati cha tundu la kuchomekea waya. Ulimi wa shaba ndani yake ulikuwa umelegea na kufanya kutu ya kijani. Nikaukunja kidogo kwa kidole, nikausugua kwa kipande cha msasa laini. Kisha nikaichezesha swichi ya kuchagua pikapu mara hamsini, nikiwa nimedondoshea mafuta maalumu ya kusafishia vifaa vya umeme. Kukwaruza kukaisha siku hiyo, na hakujarudi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ugonjwa ulikuwa katika kitundu cha shilingi elfu chache, nami nimeng'oa masikio yote mawili ya gitaa na kuyatupa jalalani.

Hasara ya pili niliijua wiki moja baadaye, tulipolipiga kwenye arusi. Sauti ilikuwa nene kama ugali uliokaa. Nilipopiga kodi, nyuzi sita zilitoka kama donge moja. Nilipotaka kupenyeza noti moja moja kati ya sekondi solo na besi, hazikupenya. Tulipoongeza sauti, gitaa likaanza kuguruma lenyewe bila kuguswa. Shemeji yangu alikuwa amekaa meza ya mbele. Aliposikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, alinisogelea na kuniuliza kwa upole, "Shemeji, gitaa limepata mafua?"

Sikuwa na jibu.

Sasa niachie hadithi nije kwenye hoja, nikianza na hiyo namba ya fundi. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita. Si kipimo cha nguvu ya pikapu. Ukichukua waya mwembamba zaidi na kuuzungusha mara zilezile, ukinzani hupanda, lakini gitaa halipati nguvu iliyopanda kwa kadiri hiyo. Ni sawa na mtu asifiaye mpira wa bustani kwa kuwa tundu lake ni dogo. Zaidi ya hayo, ukinzani wa shaba hubadilika kwa joto, kiasi cha sehemu nne katika elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pikapu inayosoma kilo-omu 8 asubuhi ya baridi ya Iringa, nyuzi 15, itasoma karibu 8.5 mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 31. Je, imepata nguvu kwa kupanda basi? Anayenunua pikapu kwa kutazama namba hiyo peke yake anachagua mwalimu kwa kumpima urefu.

Ni kweli kwamba mizunguko mingi zaidi ya waya na sumaku kali zaidi huongeza nguvu. Lakini hakuna cha bure. Koili inapozidishiwa waya, ung'avu wa juu hupungua. Ule mlio kama wa kijiko kwenye glasi hufifia, na sauti ya katikati huvimba. Na sumaku kali ikikaribishwa sana chini ya nyuzi nene huzivuta zenyewe, zikaacha kutikisika kwa uhuru, noti ikayumba na kufa mapema. Ngoma ivumayo sana hupasuka, walisema wazee, na hawakuwa wakizungumzia ngoma tu.

Pili, turudi kwenye asili ya gitaa lenyewe. ES-335 ilitolewa na kampuni ya Gibson mwaka 1958, wakati kampuni hiyo ikiongozwa na Ted McCarty. Kabla yake palikuwa na makabila mawili. Magitaa ya tumbo tupu yalikuwa na sauti ya kuvutia, lakini yakipazwa sana yaliguruma yenyewe, kwa kuwa sauti ya spika iliingia tumboni na kulitikisa. Magitaa ya mbao tupu hayakuguruma, lakini yalikosa ile pumzi. Wakaunda gitaa jembamba, lenye kina cha milimita 44 hivi, wakapitisha gogo la mti uitwao maple katikati, kutoka shingoni hadi mwisho, na kuacha mbavu mbili zikiwa wazi. Gogo linatuliza mngurumo. Mbavu zinatoa pumzi. Ni suluhu ya watu wenye busara.

Na chini ya nyuzi waliweka pikapu gani? Waliweka zile za Seth Lover, fundi wao, aliyeomba hataza yake mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Yeye alitaka kuondoa mvumo, ile "zzzz" inayoingia kwenye pikapu ya koili moja kutoka kwenye nyaya za umeme na taa za mirija. Alitumia koili mbili, sumaku zikielekea kinyume na waya ukizunguka kinyume, ili mvumo wa koili moja uufute wa mwenzake huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Ndiyo pikapu iitwayo hambaka. Lengo lake lilikuwa utulivu. Hazikuwa pikapu za kutisha kwa namba: nyingi zilisoma kati ya kilo-omu 7 na 9, tena zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu mashine za kuzungushia waya hazikuhesabu kwa usahihi. Hizo ndizo zinazoabudiwa leo na wakusanyaji duniani kote. Sijamsikia hata mmoja akilalamika kuwa hazina nguvu.

Basi hizi kali zilitoka wapi? Zilitoka kwenye haja nyingine kabisa. Mwaka 1972 Larry DiMarzio wa Marekani alitoa pikapu yake ya Super Distortion kwa ajili ya wapiga roki waliotaka kuisukuma amplifaya mpaka ipige kelele ya kukwaruza kwa makusudi. Wengi wao walishika magitaa ya mbao tupu, yasiyo na tumbo la kuguruma. Kwa kazi hiyo ilikuwa dawa sahihi, na simlaumu aliyeitengeneza wala anayeitumia. Ninayemlaumu ni yule anayechukua dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili na kumnywesha wa kitanda cha kwanza, kwa sababu tu chupa yake ni kubwa.

Maana muziki wetu wa dansi haukujengwa juu ya nguvu. Ulijengwa juu ya kupishana. Solo anasema, sekondi solo anajibu, ridhimu anashikilia, besi anatembea chini yao wote, na kila mmoja anaacha nafasi kwa mwenzake kama watu wanaoheshimiana barazani. Sikiliza rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1960 na 1970. Msikilize Mbaraka Mwinshehe alipokuwa Morogoro Jazz, kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973. Kila gitaa linasikika mahali pake, safi, bila kumkanyaga mwenzake. Gitaa likitoka kama donge, mazungumzo hayo yanakufa. Hubaki mmoja anapiga kelele na watatu wamenyamaza. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nani amewahi kucheza dansi kwa mlio wa debe?

Najua ninavyojibiwa, kwa kuwa mjukuu wangu amenijibu mara nyingi.

Wanasema: pikapu za zamani zimechoka, sumaku imeisha. Si kweli kwa sehemu kubwa. Sumaku za alniko, ambayo ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, zikiachwa kwa amani hupoteza nguvu kidogo sana kwa miongo mingi. Kinachochoka ni swichi, tundu la waya, potensiometa, kiungo cha lehemu kilichopasuka, na nyuzi zenyewe. Mtu anapiga nyuzi zenye kutu za miaka miwili, halafu anailaumu sumaku! Wengine huvisha gitaa la umeme nyuzi za shaba nyeusi za gitaa la kawaida, ambazo sumaku haziwezi kuzihisi vizuri, kisha wanatangaza kuwa pikapu imekufa.

Wanasema: lakini sauti yangu ni ndogo. Ongeza amplifaya, ndiyo kazi yake. Au chukua bisibisi ugeuze zile skrubu mbili za pembeni, upandishe pikapu kidogo kidogo kuelekea kwenye nyuzi. Bonyeza uzi kwenye kigawanyo cha mwisho kabisa, upime nafasi kati ya uzi na pikapu: milimita 2 hadi 3 ni mwanzo mzuri. Nimeshuhudia gitaa likibadilika tabia kwa nusu mzunguko wa skrubu, na halikugharimu senti.

Wanasema: pikapu mpya zitaondoa mngurumo. Hapa pana migurumo miwili, na lazima itofautishwe. Upo ule mnene, wa chini, unaotokana na tumbo la gitaa kutikiswa na spika. Huo pikapu haiutibu, na pikapu kali huuzidisha. Dawa yake ni kusimama mbali na spika, kugeuza mwili, au kuyaziba matundu. Gitaa la B. B. King ambalo Gibson ilianza kulitengeneza mwaka 1980 halikuwa na matundu ya f kabisa, na sababu ni hiyo hiyo. Mwingine ni mluzi mwembamba, mkali, wa pikapu ambayo waya wake umelegea na unatikisika wenyewe. Huo fundi mwenye ujuzi huweza kuutuliza kwa kuizamisha pikapu katika nta iliyoyeyushwa kwa moto mdogo. Katika hali zote mbili, jibu la kwanza halipo dukani.

Sitaki nionekane mzee anayekataa kila kipya. Zipo siku ambapo pikapu inastahili kubadilishwa. Koili ikikatika ndani, imekatika. Na kuijua si kazi ngumu: chomeka waya kwenye gitaa, fungulia sauti yote, elekeza swichi kwenye pikapu moja, kisha pima kwa mita upande wa pili wa waya. Hambaka nzima ya kawaida itasoma kilo-omu saba, nane, pungufu kidogo ya ukinzani wake halisi. Ikisoma mamia ya kilo-omu, unachopima ni potensiometa tu, na koili imekatika. Kazi hiyo inachukua dakika mbili, na hufungui chochote. Fundi wangu alikuwa na mita mkononi, lakini aliitumia kunionyesha bidhaa yake badala ya kumpima mgonjwa.

Vilevile, baadhi ya magitaa ya Kijapani ya miaka ya 1970 yalikuwa na koili moja tu chini ya kifuniko kinachofanana na cha hambaka. Mwenye gitaa la namna hiyo, anayepiga chini ya taa za mirija na kuchoshwa na mvumo, ana haki ya kutafuta hambaka ya kweli. Lakini ajue pia kwamba sauti ya koili moja ina uwazi wake, na akiipoteza asiseme hakuambiwa.

Anayechagua, basi, achague hivi. Kwanza aamue anapiga nini na nani, maana gitaa la bendi ya watu sita na gitaa la kupigia sebuleni si kitu kimoja. Kwenye tumbo nusu achukue pikapu za wastani, kilo-omu 7 hadi 8 na nusu, kwa kuwa nusu ya sauti anayoitaka imo katika mti, na kazi ya pikapu ni kuisikiliza. Za alniko namba 2 huwa laini, zenye mwanzo mpole. Za alniko namba 5 huwa na mkazo na besi iliyokaza. Ya shingoni iwe dhaifu kidogo kuliko ya darajani, kwa kuwa uzi hutikisika kwa upana zaidi karibu na shingo, na zikilingana ile ya shingoni itammeza mwenzake. Apime kwa rula upana kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita juu ya pikapu, maana hutofautiana kati ya milimita 49 na 53 hivi kadiri ya mtengenezaji, na apime pia shimo lenyewe. Magitaa ya zamani hayafuati vipimo vya leo. Aangalie potensiometa: za kilo-omu 500 huuachia ung'avu wa hambaka, za 250 huufunika. Amwambie fundi afunge uzi kabla ya kuvuta.

Na pikapu za zamani arudi nazo nyumbani. Azifunge kwenye kitambaa, aandike tarehe, azihifadhi. Asikubali kuondoka dukani bila kuzishika mkononi. Kama ningekuwa na mamlaka ya kuweka kanuni moja tu, ningeweka hiyo, kwa sababu kila kosa jingine katika kazi hii hurekebishika. Pikapu mbaya huondolewa, rangi iliyobanduka hupakwa. Kilichotupwa jalalani hakirudi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nami niliuacha, na msala ukapita.

Mwaka uliofuata nilizitoa zile za kauri, nikampa kijana mmoja mwenye gitaa la mbao tupu anayependa roki, na kwake zinafanya kazi vizuri sana. Mimi nikatafuta jozi ya alniko namba 2, kilo-omu 7.4 shingoni na 7.9 darajani. Safari hii kazi nilifanya mwenyewe na mjukuu wangu, tukatumia siku mbili na uzi wa cherehani wa bibi yake. Yeye ndiye aliyeshika kurunzi na kuvuta uzi, na alipomaliza alisema, "Babu, kumbe ndani ni kweupe hivi." Sasa kabla hajatoa hukumu juu ya chombo cha mtu huomba kwanza mita.

Gitaa limepona mafua. Noti zimetengana tena, zinapenya, zinanyamaza zinapoambiwa. Lakini nikiiweka ile kanda ya mwaka 1984 na kupiga sambamba nayo, nasikia tofauti. Kulikuwa na kitu katika zile pikapu, ukavu fulani mwanzoni mwa kila noti, ambao hizi hazina. Inawezekana zilikuwa za koili moja. Hazipo tena za kufungua na kutazama.

Nilimwendea shemeji, nikamweleza yote: tundu, kutu, namba ya kumi na sita, jalala. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile kanda bado inacheza. Nikamwambia inacheza. "Basi nakilishie," akasema, "kabla fundi wako hajaiona."

Nimemnakilishia mbili.